Jinsi ya kujua namba ya simu ya mezani katika nyumba uliyopanga Dodoma

Nilipohamia Dodoma kutoka Morogoro nilipanga nyumba Area C, moja ya zile za zamani zenye mwembe uani. Sebuleni, juu ya stuli, nilikuta simu ya mezani ya rangi ya maziwa. Nikanyanyua mkonga, nikasikia mlio. Nikaigeuza, chini nikakuta kibandiko chenye namba iliyoandikwa kwa kalamu ya wino. Nilifurahi kweli, kwa sababu mchana nyumbani hubaki mama yangu na dada wa kazi, na mama simu ya kiganjani imemshinda. Macho yake hayaoni tena vile vitufe vya kwenye kioo. Namba ile nikaiandika kwenye fomu ya shule ya mtoto, nikawapa na ndugu.

Wiki ya tatu mtoto akapandwa na homa shuleni. Mimi nilikuwa kikaoni, simu nimeizima. Mwalimu akapiga namba ya nyumbani, akapokea mzee mmoja ambaye hamjui mtoto wala hanijui mimi. Mtoto akalala kwenye benchi la ofisi ya walimu mpaka saa tisa na nusu. Baadaye nilipomuuliza mwenye nyumba ndipo nikaelewa: chombo kile alikitoa kwenye nyumba yake nyingine alipokuwa anahamisha vitu. Kibandiko kilikuja na simu, laini ikabaki kule kule.

Basi mpangaji mwenzangu, shika hili kabla ya hatua yoyote: namba iko kwenye laini inayoingia nyumbani, haiko kwenye chombo kilichowekwa mezani. Ukihamisha simu kutoka nyumba moja kwenda nyingine, namba haikufuati. Kwa hiyo kibandiko kichukue kama fununu tu, kisha ufanye kazi ya kuthibitisha. Kazi yenyewe haizidi nusu saa kama laini ni nzima.

Anza siku ya kukabidhiwa funguo

Siku hiyo mwenye nyumba yupo, dalali yupo, na mara nyingine hata mpangaji anayeondoka bado anafunga mizigo. Ukiiacha ikapita, utamtafuta kila mmoja kwa wakati wake. Baada ya kusoma mita ya LUKU na ya maji, uliza: "Shikamoo mzee, hii nyumba ina laini ya simu ya mezani? Imeandikishwa kwa jina la nani? Kuna deni?" Maswali hayo matatu yanatosha, ila la jina usilisahau hata kidogo, maana ndilo litakalokusaidia ukilazimika kwenda ofisini.

Wenye nyumba wengi wa Dodoma wanaishi mbali, Dar es Salaam au mkoani kwao, na nyumba inaangaliwa na ndugu. Ndugu huyo akikwambia namba anaikumbuka kichwani, iandike, mshukuru, halafu endelea na hatua zinazofuata kana kwamba hukuambiwa. Si kwamba anadanganya. Namba ambayo mtu hajaipiga kwa miaka mingi hupinda kichwani, tarakimu mbili zikabadilishana nafasi bila mwenyewe kujua.

Tafuta laini inaingilia wapi

Toka nje, izunguke nyumba. Kwenye mitaa ya zamani kama Uzunguni, Area C na Area D bado utakuta waya wa simu wa shaba: mwembamba, mara nyingi mweusi, unatoka kwenye nguzo na kuingia ukutani chini ya dari. Usiuchanganye na waya wa umeme, ambao ni mnene na unaishia kwenye mita. Ukiwa na shaka hata kidogo usiguse, mwite fundi. Fuata waya ule kwa macho hadi ndani. Unaishia kwenye kisanduku kidogo cha plastiki, kwa kawaida karibu na sakafu, chenye tundu la mraba la kuchomekea simu. Nyumba nyingine zina matundu matatu au manne: sebuleni, chumba kikubwa, korido. Yote yakiwa yametoka kwenye waya mmoja, namba ni moja.

Ukikuta waya umekatika na kuning'inia ukutani, hapo hakuna namba ya kutafuta. Kuna maombi ya laini mpya.

Kwenye mitaa iliyojengwa juzi, Ilazo kwa mfano, au Iyumbu, huenda usikute shaba kabisa. Utakuta faiba: uzi mwembamba unaoingia kwenye kisanduku chenye taa ndogo ndogo na kuchomekwa umeme. Nyuma yake, pembeni ya matundu ya intaneti, vifaa vingi vina tundu la simu lenye alama ya simu au maandishi ya kifupi. Hapo ndipo simu ya mezani inachomekwa, na namba inaendana na akaunti ya kisanduku hicho. Ule uzi usiuchomoe kutazama ndani. Mwanga unaopita humo hauonekani lakini unaweza kudhuru jicho.

Tofauti hii ya shaba na faiba ina maana nyingine kwa mtu mwenye mzazi mzee nyumbani. Simu ya kawaida ya waya kwenye laini ya shaba hupata umeme wake kutoka kwenye mitambo ya simu kupitia waya ule ule, kwa hiyo LUKU ikiisha saa nne usiku bado unaweza kupiga. Kwenye faiba kisanduku kikizimika na simu imekufa. Hata ile simu isiyo na waya, yenye kitako cha kuchaji, hufa umeme ukikatika bila kujali laini ni ya aina gani. Mimi nilimwekea mama ya waya, na sijajuta.

Sikiliza kabla ya kupiga

Azima au nunua simu ya mezani ya kawaida, ile rahisi kabisa. Ichomeke, nyanyua mkonga, tulia, sikiliza.

Ukisikia mlio mmoja mrefu usiokatika, laini iko hai. Ukisikia kimya kama cha kisimani, jaribu tundu jingine na waya mwingine kabla hujasema laini imekufa, kwa sababu vile vichwa vidogo vya plastiki huvunjika kile kijino cha kushikia, vikalegea. Ukisikia mikwaruzo mingi, laini ipo ila kuna mahali waya umechubuka au kiungo kimepata kutu. Hapa kwetu upepo wa mwezi wa saba na wa nane hautanii, waya unasugua matawi na bati mchana kutwa, na vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye vile visanduku vya ukutani. Na ukisikia watu wanaongea, weka mkonga chini polepole. Maana yake tundu lako limeunganishwa na la nyumba ya uani au ya jirani, mnatumia laini moja, na wao pia wanaweza kukusikia wewe. Hilo zungumza na mwenye nyumba siku hiyo hiyo.

Jipigie mwenyewe

Hii ndiyo njia niipendayo kuliko zote, maana laini yenyewe inakutajia namba yake bila mtu katikati.

Weka simu yako ya kiganjani pembeni, iwe na mtandao mzuri. Nyanyua mkonga wa simu ya mezani, subiri mlio, kisha bonyeza namba yako ya kiganjani yote kumi, ukianza na sifuri. Bonyeza taratibu. Simu yako ikiita, usipokee. Tazama kioo. Namba unayoiona ndiyo ya nyumba yako.

Sasa isome vizuri. Kwa Dodoma itaanza na 026, au itaonekana kama +255 26 na kufuatiwa na tarakimu saba. Ni kitu kile kile: 255 ni Tanzania, 26 ni kanda, na ile sifuri ya mbele huondoka ukiweka 255. Ukimpa namba ndugu aliye Uingereza mwandikie yenye +255 bila sifuri. Ukimpa mtu wa hapa nchini mwandikie ya 026. Wengi huchanganya wakaandika +255 026, na simu haiendi.

Angalizo ambalo laiti ningelijua mapema: 026 si ya Dodoma peke yake. Iringa, Njombe, Singida na Tabora nazo zinatumia 026. Chombo kilichosafirishwa kwenye lori kutoka Iringa kinaweza kuwa na kibandiko cha 026 na kikakudanganya vizuri kabisa. Dar es Salaam ni 022, na Morogoro nilikotoka ni 023, kwa hiyo hizo utazishtukia. Ukikuta kibandiko kinaanza na 061, hicho ni cha kale. Huo ulikuwa msimbo wa Dodoma kabla namba hazijapangwa upya, na namba yake huwezi kuitumia jinsi ilivyo.

Mambo yanayoweza kwenda kombo hapa ni machache. Unabonyeza vitufe, unasikia tu mlio wa mwanzo unaendelea au tiki-tiki-tiki kwenye sikio: geuza simu chini, utaona swichi ndogo yenye herufi P na T, isukume kwenye T. Simu yako ya kiganjani inaita lakini inaonyesha namba imefichwa: piga namba ya mtu mwingine, na kama bado inafichwa nenda kwenye hatua ya ofisini. Unaishi kwenye jengo la ghorofa au nyumba iliyowahi kuwa ofisi, na inabidi ubonyeze 9 au 0 kwanza ndipo upate mlio wa nje: hapo kuna kibadilishio cha jengo, yaani mtambo unaogawa simu za vyumba vyote, na namba itakayoonekana inaweza kuwa ya jengo zima. Muulize msimamizi kama chumba chako kina namba yake ya moja kwa moja au wapigaji wanatakiwa waunganishwe.

Usijaribie laini kwa kupiga 112, 114 wala 115. Hizo ni za polisi, zimamoto na gari la wagonjwa, na kuna mtu anayezihitaji dakika hiyo hiyo. Vilevile usisumbuke na *106#. Hiyo inakuonyesha laini za kiganjani zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, na simu ya mezani haiguswi na utaratibu huo.

Laini inapokea tu, haipigi

Hili ni la kawaida kwenye nyumba iliyokaa bila mpangaji. Mlio upo, ukibonyeza namba inakuja sauti iliyorekodiwa, au inakata. Inawezekana salio limeisha, ankara haijalipwa, au mwenye nyumba aliomba laini ifungwe isipige nje ili wapangaji wasimletee deni. Mara nyingi laini ya namna hiyo bado inapokea.

Kwa hiyo geuza jaribio. Kusanya namba zote unazozishuku: ya kibandiko, ya kichwani mwa ndugu wa mwenye nyumba, ya kwenye karatasi yoyote iliyobaki kabatini. Hakikisha swichi ya kengele pembeni ya simu haijazimwa. Zipige moja moja kwa simu ya kiganjani ukiwa umesimama pale pale sebuleni. Mezani ikilia, umepata. Ikipokelewa na mtu mahali pengine, msalimie vizuri, mwombe radhi kwa usumbufu, futa namba hiyo kwenye orodha. Mimi nilimpigia yule mzee aliyepokea simu ya mwalimu nikamwomba radhi, akaniambia amepokea simu za nyumba yangu mara nne. Tungeendelea hivyo mwaka mzima.

Tafuta na karatasi. Ankara ya zamani ndiyo bora, kwa sababu namba ya laini imechapishwa juu yake pamoja na jina la mteja. Angalia jina la mtoaji: TTCL ilikuwa Kampuni ya Simu Tanzania mpaka ilipogeuzwa kuwa Shirika la Mawasiliano Tanzania mwaka 2018, kwa hiyo karatasi yenye jina la kampuni ina umri wake, na laini inaweza kuwa imeshakatwa tangu hapo. Kama mpangaji aliyetangulia alikuwa na intaneti ya waya, tazama pia chini ya kisanduku cha intaneti na kwenye picha za malipo alizobaki nazo kwenye simu yake.

Ofisini

Ukishindwa kote huko, piga 100, ambayo ni huduma kwa wateja ya TTCL, au nenda kwenye ofisi yao mjini. Usiende mikono mitupu. Beba kitambulisho cha NIDA, mkataba wa kupanga, na anwani ya makazi kama ilivyo kwenye kile kibao cha namba ya nyumba na jina la mtaa. Beba pia barua fupi ya mwenye nyumba, yenye sahihi na namba yake ya simu, inayosema wewe ni mpangaji wake na anaomba upewe taarifa za laini ya nyumba hiyo.

Barua hiyo watu huipuuza, kisha wanalaumu mhudumu. Fikiria upande wa pili: laini iko kwa jina la mtu mwingine. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata bila sheria, wewe usingependa mgeni aingie ofisini aseme anaishi kwako akapewa namba yako. Mwenye jina akiwa tayari kupiga simu mwenyewe au kufika nawe, mambo huwa mepesi zaidi. Nilimwomba mwenye nyumba wangu anipangie siku atakayokuwa Dodoma, tukaenda wote, na kaunta haikutuchukua muda.

Kama huna jina, huna ankara, na laini haipigi wala hailii, omba fundi. Fundi simu anaweza kuufuata waya kutoka ukutani kwako hadi kwenye kisanduku cha mtaani na kutambua ni jozi ipi ya nyaya ndiyo yako na inabeba namba gani. Msubirie nyumbani mwenyewe, uone anachofanya, na umwombe apige simu moja mbele yako kabla hajaondoka.

Ukiwa hapo ofisini uliza habari ya deni. Deni la aliyetangulia usilikubali kimya kimya kwa sababu unataka laini haraka. Pata kiasi kwa maandishi, mpelekee mwenye nyumba, mkubaliane nani analipa na kama litakatwa kwenye kodi, na makubaliano hayo yaandikwe kwenye mkataba. Malipo yenyewe yafanyike kwa namba ya kumbukumbu ya malipo unayopewa na shirika, si kwa kumpa mtu pesa mkononi. Na kama utakaa kuanzia mwaka mmoja na kuendelea, omba kabisa laini iandikishwe kwa jina lako, mwenye nyumba akiridhia.

Ukishaipata

Kabla hujampa mtu yeyote, ihakiki mara ya mwisho kwa kinyume chake: nenda nje hadi getini, piga namba hiyo kwa simu ya kiganjani, mwache aliye ndani apokee. Mkiongea, imetimia. Mimi nilimwachia mama apokee. Alinyanyua mkonga akasema "Haloo, nani mwenzangu?" nami niko hatua ishirini tu nje, na sauti yake ilikuwa safi kabisa.

Bandua kibandiko cha zamani, kisibaki hata kipande. Andika kipya kwa herufi kubwa, chenye namba kamili na tarehe uliyoihakiki, ukibandike ukutani juu ya tundu la simu, siyo kwenye chombo. Kando yake andika zile 112, 114 na 115, na namba yako ya kiganjani na ya jirani mmoja, kwa maandishi ambayo mzee anayasoma bila miwani. Mfundishe dada wa kazi kupiga, na apige kweli mbele yako mara mbili.

Kisha rudi kwenye kila fomu uliyojaza: shule, kliniki, kazini, kanisani au msikitini. Mimi nilikwenda shuleni mwenyewe, mwalimu akafungua daftari, akakata namba ile kwa rula na kuandika mpya juu yake, halafu akaipiga pale pale kwa simu yake. Kwa siku za mwanzo utapokea simu za watu wanaomtafuta mpangaji aliyepita. Usiwape namba yake. Chukua jina na ujumbe wao, mfikishie yeye, aamue mwenyewe.

Na siku utakapohama, ichomoe simu yako uende nayo, kile kibandiko cha ukutani kiache. Pitia ofisini ukafunge au kurudisha jina la laini, uchukue karatasi inayoonyesha huna deni, nakala moja umkabidhi mwenye nyumba pamoja na funguo.